Viatu vya Theluji vya Kutembelea Porini: Kirefu, Kifupi cha Kuongezewa Mkia, au cha Mbao?

Katika eneo la hifadhi la High Peaks, kwenye milima ya Adirondack ya jimbo la New York, kanuni inamtaka kila mtembezi avae viatu vya theluji au ski pindi theluji inapofikia kina cha inchi 8, yaani takriban sentimita 20. Kanuni hiyo ina sababu ya wazi: anayekwenda kwa buti tupu huzama hadi gotini na kuacha nyuma yake mashimo ambayo usiku huganda na kuwa mtego wa kuteguka mguu kwa wote watakaomfuata, na yeye mwenyewe huishiwa nguvu kabla ya kufika mbali. Kanuni haisemi, hata hivyo, ni kiatu kipi kimfae nani, na hapo ndipo mnunuzi anapojikuta amesimama dukani mbele ya jozi nyingi zinazofanana kwa mbali na kutofautiana sana zinapofika porini.

Makala haya yanalinganisha aina nne ambazo mtu anaweza kuzikuta Marekani na Kanada: kiatu cha plastiki cha kipande kimoja, ambacho mfano wake unaojulikana zaidi ni MSR Evo, kiatu chenye fremu ya bapa la alumini lililosimama wima na kuchongwa meno pande zote, mfano wake MSR Lightning Ascent, kiatu cha bomba la alumini na utando wa nailoni, mfano wake Tubbs Mountaineer, na kiatu cha asili cha mbao kilichosukwa kwa kanda za ngozi mbichi, ambacho bado kinatengenezwa Quebec. Niseme mapema ninakoegemea, ili msomaji apime hoja zangu akijua zinaelekea wapi: kwa mtu wa uzito wa wastani anayekwenda kwenye milima yenye miteremko na misitu, kiatu cha sentimita 64 kinachoweza kuongezewa mkia, yaani kipande kinachobanwa nyuma ili kukirefusha, kinafaa kuliko kiatu kirefu cha kudumu. Kiatu kirefu kina pahali pake, lakini ni padogo kuliko wauzaji wanavyodai.

Uzito unaohesabika

Kosa la kawaida ni kununua kwa kilo zilizosomwa kwenye mizani ya bafuni. Tuchukue mtu wa kilo 75. Shanta la safari ya siku moja wakati wa baridi, likiwa na nguo za akiba, maji, chakula, koleo na taa, hufika kilo 12 bila shida, na buti, nguo nzito pamoja na viatu vya theluji vyenyewe huongeza kilo nyingine 5. Theluji basi inabeba kilo 92, na kila mtu anapopiga hatua kilo hizo zote huwa juu ya mguu mmoja.

Soli ya buti ina eneo la takriban sentimita za mraba 300, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya gramu 300. Evo, yenye urefu wa sentimita 56 na upana wa 20, inashusha mzigo huo hadi gramu 82 hivi. Kiatu cha sentimita 64 kwa 20 kinaufikisha 72, na kile cha 76 kwa 23 kinaufikisha 53. Hesabu hii inakichukulia kiatu kuwa mstatili kamili, ilhali pembe zake zimeviringwa, hivyo takwimu halisi ni kubwa kidogo. Lakini uwiano haubadiliki sana, na unaonyesha jambo ambalo jina la ukubwa dukani hulificha. Tofauti ya inchi 25 (sentimita 64) na inchi 30 (sentimita 76) inasikika kama ndogo, kumbe eneo linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, kwa kuwa upana nao umeongezeka.

Watengenezaji hutoa vipimo vyao. Tubbs humpendekezea mtu mwenye jumla ya kilo 54 hadi 91 kiatu cha inchi 25, mwenye 77 hadi 113 kile cha inchi 30, na mwenye 100 hadi 136 kile cha inchi 36, ambacho kinakaribia sentimita 91. MSR inaipa Evo kikomo cha kilo 82 ikiwa peke yake na kilo 113 ikiongezewa mikia ya sentimita 15. Tazama jinsi vipimo hivyo vinavyopandana: mtu wetu, mwenye jumla ya kilo 92, yumo ndani ya kipimo cha inchi 30 na amezidi kidogo tu kile cha 25. Ni vyema pia kujua kwamba vipimo vya namna hii havikuwekwa kwa ajili ya theluji laini iliyoanguka usiku wa kuamkia safari. Katika theluji ya unga, mtu mwenye uzito wa juu ndani ya kipimo chake huzama kana kwamba amekosea saizi.

Na kuzama kuna gharama. Watafiti wa taasisi ya Jeshi la Marekani inayochunguza afya ya mwili katika mazingira magumu, iliyoko Natick, Massachusetts, walichapisha mwaka 1976 vipimo vilivyoonyesha kwamba nguvu anazotumia mtembezi kwenye theluji hupanda sambamba na kina cha unyayo wake. Taasisi hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha mwaka 1969 kwamba kilo moja iliyofungwa mguuni huchosha mara 4 hadi 6 kuliko kilo hiyo hiyo ikibebwa mwilini, kutegemea kasi ya mwendo. Matokeo haya mawili yanavutana, na mvutano huo ndio kiini cha uchaguzi wote: kiatu kikubwa kinapunguza kina cha unyayo, lakini kinaongeza uzito wa mguu. Evo ina uzito wa takriban kilo 1.6 kwa jozi, Lightning Ascent ya inchi 25 haifiki kilo 2, na Mountaineer huzidi kilo 2 hata katika saizi ndogo.

Theluji ya wapi?

Hakuna kiatu kinachoweza kuchaguliwa bila kutaja mahali. Theluji mpya ya milima ya Colorado ni kavu. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, maana yake karibu sehemu tisa kwa kumi au zaidi ni hewa. Ndani ya theluji hiyo kila kiatu huzama, hata kile cha inchi 30, na mtu anayetangulia kufungua njia atazama sentimita 20 au 30 huku akijiona ana bahati. Kwenye safu ya Cascade katika jimbo la Washington hali ni nyingine. Kituo cha Paradise, kwenye ubavu wa mlima Rainier, kilipokea zaidi ya mita 28 za theluji katika msimu wa 1971 hadi 1972, lakini theluji ya huko huja na unyevu wa Bahari ya Pasifiki, hushikamana mapema, na humbeba mtu vizuri zaidi kuliko kina chake kinavyotisha. Shida yake ni kunata: inajibandika chini ya kiatu, kwenye meno ya chuma, na baada ya muda mtembezi hujikuta amesimama juu ya donge gumu lililo chini ya kidole gumba, kisigino kikiwa kimeinama nyuma. Hapo dawa ni kugonga fremu kwa fimbo kila baada ya hatua kadhaa, na utando laini hujisafisha kwa urahisi kuliko plastiki yenye mikunjo.

Adirondack na milima ya kaskazini mashariki kwa jumla ina tabia ya tatu: theluji laini, kisha mvua, kisha baridi kali, hivyo mtu anakutana na gamba la barafu juu ya unga, na njia nyembamba zenye mizizi na mawe zinazopanda moja kwa moja bila kuzunguka. Huko urefu ni adha. Kiatu cha sentimita 76 hugongana na mashina na hukanyagana chenyewe kwenye kona, wakati anachohitaji mtembezi ni meno.

Wasomaji waliopanda Kibo wanaweza kudhani wana uzoefu unaowasaidia. Wanao wa baridi na wa hewa nyembamba, ila theluji ya kule mara nyingi ni nyembamba au imeganda, na watu huikanyaga kwa buti. Theluji inayofika kiunoni ni somo jingine.

Meno, na kile kinachotokea mlimani

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kununua kiatu kirefu kadiri mfuko unavyoruhusu. Theluji yenye kina kirefu aghalabu huwa milimani, na mlimani mtu hupanda, hushuka na kukata ubavu wa mteremko. Kiatu cha bomba la alumini kina meno chini ya vidole na chini ya kisigino, lakini ukingo wake ni wa mviringo. Ukikata ubavu wa mteremko wenye gamba, bomba huteleza kuelekea bondeni, kifundo cha mguu hujipinda, na uzito wote hubaki juu ya meno yaliyo katikati. Lightning Ascent haina bomba. Fremu yake ni bapa lililosimamishwa kwa ukingo wake, limechongwa meno kuzunguka kiatu kizima, hivyo ukingo wote huingia kwenye gamba kama kisu. Kwenye mteremko wa ubavu tofauti hiyo inasikika mguuni tangu hatua ya kwanza. Evo nayo ina reli mbili za chuma zinazokwenda kwa urefu chini ya plastiki, na kwa bei yake zinafanya kazi ya kuheshimika, ingawa plastiki hiyo ina kelele juu ya gamba kiasi kwamba watu wawili wanaofuatana hulazimika kusimama ili wasikizane.

Lightning Ascent ina pia kipande cha waya kinachoinuliwa chini ya kisigino kwa ajili ya mpando mkali, na Mountaineer ina chake. Asiyewahi kukitumia hudhani ni pambo. Kwenye mpando mrefu, kisigino kinachoning'inia chini ya usawa wa vidole huvuta misuli ya nyuma ya mguu kwa kila hatua. Waya ukiinuliwa, mguu unatua karibu na usawa, kama mtu anayepanda ngazi. Evo ya kawaida haina waya huo, ila toleo lake linaloitwa Evo Ascent linao, na kwa yeyote anayekusudia kupanda vilele ningesema aongeze fedha achukue hilo.

Kuhusu kushuka, kiatu kirefu kina raha yake kwenye unga mzito: mtu huegemea nyuma kidogo na kuteremka kwa hatua ndefu zinazoteleza. Raha hiyo huisha pale unga unapokutana na gamba.

Mhimili na vifungio

Buti inashikiliwa kwenye kiatu kwa namna mbili. Kuna mhimili unaozunguka huru, ambapo mkia wa kiatu hubaki chini mguu unapoinuliwa na theluji humwagika yenyewe. Na kuna mkanda mnene unaovuta mkia juu pamoja na kisigino. Wa pili ni mzuri kwenye njia zilizokanyagwa, humwezesha mtu kurudi kinyumenyume na kuvuka magogo bila mkia kuning'inia, lakini kwenye theluji laini mkia ukifyatuka hurusha theluji hadi mgongoni, na baada ya saa kadhaa suruali inakuwa imelowa kuanzia nyuma ya magoti hadi kiunoni. Kwa theluji yenye kina, mhimili huru ndio wa kuchukua. Bei yake ni kwamba huwezi kurudi nyuma: mkia huchimba na mtu huketi. Hugeuka kwa duara, au kwa kuinua mguu juu sana na kuuzungusha.

Vifungio vinastahili muda mwingi dukani kuliko wanunuzi wanavyovipa. Vile vya kukazwa kwa kuzungusha kitufe chenye waya ni vyepesi siku ya kwanza, ila waya ukikatika porini ni vigumu kuutengeneza kwa vidole vilivyokufa ganzi. Vibano vyenye meno huingiwa na theluji inayoyeyuka na kuganda, vikakataa kufunga hadi uvipulizie pumzi. Mikanda ya mpira mgumu yenye matundu na ndoano, kama ile ya Evo, inaonekana duni, lakini barafu juu yake hupasuka ukiikunja tu, na ukanda mmoja ukikatika unabadilishwa kwa dakika chache. Ushauri wangu ni kwenda dukani na buti zile zile za safari, kuvaa glavu nene, na kufunga na kufungua kila jozi mara kadhaa bila kuvua glavu. Jozi inayokushinda dukani penye joto haina maana kuinunua.

Mkia wa kuongeza

Mikia ya MSR hubanwa nyuma ya kiatu na kuondolewa bila vifaa. Ya Evo inaongeza sentimita 15. Ya Lightning na ya Revo, kiatu kingine cha MSR, inaongeza sentimita 12.5, na ile ya Evo haiingii kwenye viatu hivyo, jambo ambalo huwasumbua wanaonunua mikia mtandaoni bila kuangalia. Lightning ya sentimita 64 ikiongezewa mkia inafika urefu wa kiatu cha inchi 30, ijapokuwa upana hauongezeki na kwa hiyo eneo halilingani kabisa: sentimita za mraba 1,530 hivi dhidi ya 1,748. Upungufu huo ni wa kweli, na anayeishi Colorado na kutembea zaidi baada ya theluji kuanguka ana haki ya kusema haumtoshi. Lakini wengi hutembea siku za mwisho wa juma, juu ya theluji ambayo imeshatulia kwa siku mbili tatu, na ambayo wengine wameshaipitia hadi nusu ya njia. Kwa hao, mkia hukaa kwenye shanta hadi njia ya wengine inapokoma, kisha unavaliwa. Na siku isiyohitaji mkia hawalipi gharama ya uzito wake mguuni.

Hoja hii inapoteza nguvu kwa mtu mzito. Mwenye kilo 100 kabla ya shanta aanze na inchi 30 ama 36 na asibishane.

Kiatu cha mbao

Wengi hukiona kiatu cha mbao kama pambo la ukutani. Faber ya Quebec imekuwa ikivitengeneza tangu karne ya 19, na Wendake, makazi ya Wahuroni-Wendat karibu na jiji la Quebec, ni kitovu cha kazi hiyo hadi leo. Umbo lake hufuata nchi: la Waojibwe limechongoka mbele na nyuma ili lipasue theluji ya unga, la mviringo lisilo na mkia ni la msitu mnene, na lile refu lenye ncha iliyopinda juu, linaloweza kufika sentimita 142 na zaidi, ni la uwanda na mito iliyoganda. Kwa kubeba mtu juu ya unga mkavu, katika nchi tambarare, hakuna kiatu cha alumini kinacholikaribia umbo hili refu, na halitoi sauti, ndiyo maana wawindaji wa mitego hawajaliacha. Dosari zake ni mbili na zote ni nzito: halina meno, kwa hiyo gamba lenye mwinamo mdogo tu linakuangusha, na ngozi yake ikilowa hulegea, hivyo siku za nyuzi zinazokaribia sifuri ni siku mbaya kwake. Lazima lipakwe vanishi kila mwaka na kutundikwa mahali ambapo panya hawafiki, kwa kuwa panya huila ngozi hiyo.

TSL ya Ufaransa, kwa upande mwingine kabisa, hutengeneza viatu vya plastiki vyenye kiuno chembamba ili miguu isipanuliwe wakati wa kutembea. Ni vya kustarehesha sana kwenye njia za Alps zilizokanyagwa. Kwa theluji ya mapajani nisingevichagua.

Kabla ya kulipa

Kiatu kizuri humfikisha mtu mahali ambapo hangefika kwa buti, pamoja na mahali ambapo hakupaswa kufika. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mtembezi aliye chini ya mteremko wa aina hiyo yumo hatarini hata kama mwenyewe yuko tambarare. Fungu la kwanza la fedha liende kwenye kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na mazoezi ya kuvitumia. Kisha taarifa ya siku isomwe kabla ya kuondoka, kutoka Colorado Avalanche Information Center, Northwest Avalanche Center au Avalanche Canada, kulingana na uliko. Kama baada ya hapo fedha haitoshi Lightning Ascent, ambayo bei yake ni takriban mara mbili ya Evo, chukua Evo na mikia yake bila kinyongo.

Njia nyingine ya kupunguza bei ni kusubiri majira ya kuchipua, ambapo maduka mengi ya kukodisha huuza jozi zao zilizotumika. Pindua kila kiatu na utazame mahali mhimili unapokutana na fremu, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Pitisha kidole kwenye meno ya mbele, ambayo yakiwa yamelika hadi kuwa butu hayanoleki vya kutosha. Vuta mikanda uone kama matundu yamerefuka. Na kwa viatu vya MSR hesabu pini ndogo zinazoshikilia vifungio, kisha uombe mbili za akiba.